Wasomi wa sera walioipa sura Lodwar na Kakuma

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni mwendo wa takriban kilomita 120 kuelekea kaskazini-magharibi. Kwenye safari hiyo fupi msafiri hupita katika serikali mbili. Lodwar ni makao ya gavana na bunge la kaunti. Kakuma nayo, kwa zaidi ya miaka 30, imeendeshwa kwa kiasi kikubwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa na ya misaada, ambayo kaunti haikuyachagua wala haiwezi kuyaondoa. Kati ya miji hiyo miwili wamo wafugaji wenye ngamia, mbuzi na kondoo, ambao serikali zote mbili hudai kuwahudumia.

Mpangilio huo haukuzuka wenyewe. Uliandikwa kwanza katika ripoti, tasnifu na vitabu vya wanazuoni ambao wengi wao walifundisha maelfu ya kilomita kutoka Turkana. Makala haya yanawataja wachache kati yao, yanaeleza walichosema, na kile kilichofuata. Hawakuwa katika kitivo kimoja. Wengine walikuwa Oxford, wengine Colorado, mmoja alisomea Warwick na kurudi nyumbani. Lodwar yenyewe ilichelewa kupata chuo: Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Kakamega, kilipewa hadhi hiyo mwaka 2017.

Kipimo kilichotumika hapa katika kuwachagua ni kimoja tu: je, maandishi ya msomi huyo yalifika kwenye zizi, kisima au chungu cha mtu wa Turkana?

Kabla ya wasomi

Wakoloni waliifunga Turkana. Ilikuwa wilaya ambayo mtu hakuingia wala kutoka bila kibali, na kwa sababu hiyo ilifaa kuwa gereza. Mzee Jomo Kenyatta alitumikia kifungo chake Lokitaung, kisha akazuiliwa Lodwar kuanzia 1959 hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Wageni wengi wa Lodwar huonyeshwa mahali alipoishi. Wachache hukumbuka kwamba uhuru haukuifungua wilaya hiyo kwa namna iliyotarajiwa.

Sababu moja imo katika Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 kuhusu Usoshalisti wa Kiafrika, uliotayarishwa na wizara ya Tom Mboya. Waraka huo ulishauri fedha za maendeleo zielekezwe kwanza mahali penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na watu walio tayari kwa maendeleo, ili faida ipatikane haraka na baadaye isambazwe kwingine. Kwa Turkana, "baadaye" hiyo ilidumu karibu nusu karne.

Gulliver na boma lisilo na mtawala

Wa kwanza anayestahili kutajwa ni Philip Gulliver, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Turkana mwishoni mwa miaka ya 1940. Ripoti yake kwa serikali ya Kenya ilichapishwa mwaka 1951, na kitabu chake, The Family Herds, kikatoka mwaka 1955. Baadaye alikuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, kisha profesa London na Toronto.

Gulliver alionyesha jambo ambalo maofisa wa wilaya hawakulipenda. Machifu waliowekwa na serikali hawakuwa na mamlaka yoyote juu ya malisho. Uamuzi wa kuhama ulikuwa wa mwenye boma, yaani awi kwa Kiturkana, na kila mwenye boma aliamua kivyake kwa kuangalia mvua, majani na jamaa zake. Serikali iliyotaka kuwapangia watu hao ratiba ya malisho ingekuwa kama mtu anayetaka kuupangia upepo njia. Hata hivyo mipango ya kudhibiti malisho iliendelea kuandikwa kwa miongo kadhaa.

Wanaikolojia waliopindua fikra

Hapa inafaa kusimama kwa muda, kwa maana hii ndiyo sura ambayo wasomaji wengi hawaijui, ilhali imebadilisha sera kuliko hotuba nyingi za kisiasa.

Mwaka 1980 kundi la watafiti wa Kimarekani lilianza mradi mrefu wa kuchunguza mazingira ya Turkana Kusini, hasa miongoni mwa Wangisonyoka. Walikuwemo Rada na Neville Dyson-Hudson, Michael Little, Terrence McCabe, na wanaikolojia James Ellis na David Swift wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Walipima kila kitu: maziwa, uzito wa watoto, majani, mvua, hatua za mifugo. McCabe alizifuata familia nne za wafugaji kwa miaka mingi, na simulizi yao ikawa kitabu, Cattle Bring Us to Our Enemies, kilichochapishwa mwaka 2004.

Wakati huo imani iliyotawala katika wizara na miongoni mwa wafadhili ilikuwa hivi: mfugaji ana mifugo mingi kupita kiasi, mifugo inamaliza majani, na jangwa linasonga mbele. Kwa hivyo dawa ni kupunguza mifugo, kugawa ardhi vipande na kumtuliza mfugaji mahali pamoja. Mradi ulipoanza, Turkana ilikuwa katikati ya ukame mkali wa 1979 hadi 1981, na mwaka 1984 ukame mwingine ukafuata. Watafiti wakapata, bila kutazamia, nafasi ya kuipima imani hiyo.

Waliyoyaona yalikuwa kinyume. Mifugo ilikufa kwa wingi, lakini ilikufa kwa kukosa mvua, si kwa kuwa ilikuwa imekula nchi ikaisha. Mvua iliporudi, majani yalirudi, na waliokuwa na uhuru wa kuhama walijenga upya makundi yao. Katika makala yao ya mwaka 1988, Ellis na Swift walieleza kwamba nchi kame kama Turkana haina mizani ya kudumu kati ya majani na mifugo. Ukame huja mara kwa mara na kupunguza mifugo kabla haijafikia idadi ya kuiharibu ardhi. Katika nchi ya namna hiyo, kuhama ndiyo akili ya uchumi wenyewe. Anayemfunga mfugaji mahali pamoja kwa nia ya kumwokoa humwondolea chombo chake kikuu cha kuokoka.

Wazo hilo lilienea polepole. Lilifundishwa vyuoni, likachukuliwa na wanauchumi wa maendeleo wa Sussex na London, na hatimaye likajitokeza katika sera ya Kenya. Waraka wa Bunge Nambari 8 wa mwaka 2012, uliotokana na kazi ya wizara ya maendeleo ya Kaskazini mwa Kenya iliyoundwa mwaka 2008 chini ya Mohamed Elmi, ulikiri kwamba maeneo kame yalipuuzwa na kwamba ufugaji wa kuhamahama ni njia halali ya kuzalisha mali. Kutoka makala ya 1988 hadi waraka huo ni miaka 24. Mtoto aliyezaliwa Lokichar siku makala ilipotoka alikuwa amekwisha kuwa mzazi.

Katika muda huo huo serikali na wafadhili waliendelea na mambo mengine. Wafugaji waliopoteza mifugo waliwekwa katika mashamba ya kunyunyizia maji kama lile la Katilu, kando ya mto Turkwel, kwa gharama kubwa kwa kila ekari. Wanorway walijenga kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, kando ya ziwa, ambacho kilifanya kazi kwa muda mfupi sana. Ghuba ya Ferguson ilikauka, na ugandishaji ulikuwa ghali kuliko samaki wenyewe. Kenya ilipovunja uhusiano na Norway mwaka 1990, wafadhili hao waliondoka, na jengo likabaki. Mwanaanthropolojia Vigdis Broch-Due, Mnorway mwenyewe, alikuwa miongoni mwa walioonya mapema kwamba miradi hiyo iliwasahau wanawake, ambao ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi.

Kakuma na swali la haki

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea Wasudani, wakiwemo maelfu ya wavulana waliotembea kutoka Ethiopia baada ya utawala wa Mengistu kuanguka mwaka 1991. Wenyeji wa Kakuma hawakuulizwa kwa namna ambayo leo ingeitwa ushirikishwaji wa umma. Kambi ilitazamiwa kuwa ya muda tu.

Msomi aliyeihoji kambi kama wazo ni Barbara Harrell-Bond, Mmarekani aliyeanzisha kituo cha taaluma ya wakimbizi katika Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1982. Kitabu chake cha 1986, Imposing Aid, kilichohusu wakimbizi wa Uganda waliokuwa kusini mwa Sudan, kilidai kwamba misaada huwafanya watu tegemezi kwa sababu watoaji wanataka kuitawala. Katika miaka ya 1990 yeye na mwanasheria kijana wa Kiitalia, Guglielmo Verdirame, walifanya utafiti Kenya na Uganda. Kitabu chao, Rights in Exile, kilichotoka mwaka 2005, hakikupokewa kwa furaha huko Geneva.

Miongoni mwa waliyoyaandika ni kisa cha Kakuma cha miaka ya 1994 na 1996. Wakimbizi walibomoa nyua zilizojengwa kwa ajili ya kuwahesabu, na ugavi wa chakula ukasimamishwa kwa kambi nzima. Verdirame aliita jambo hilo kwa jina lake la kisheria: adhabu ya jumla, inayowapiga mtoto na mgonjwa kwa kosa la asiyejulikana. Jambo lililomsumbua mwanasheria huyo ni kwamba mkimbizi hakuwa na mahakama ya kwenda kulalamika. Serikali ya Kenya ilikuwa imewaachia mashirika kambi, na mashirika yalikuwa na kinga. Verdirame baadaye alikuwa profesa King's College, London, na mwaka 2022 akaingia katika Bunge la Malodi la Uingereza. Harrell-Bond alifariki mwaka 2018. Afrika Mashariki ilirithi kutokana na utafiti wao Mradi wa Sheria za Wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 1999.

Ekuru Aukot: sauti ya mwenyeji

Wasomaji wengi wanamfahamu Dkt Ekuru Aukot kama mwanasiasa aliyewania urais mwaka 2017. Katika orodha hii anaingia kwa sababu nyingine.

Aukot ni Mturkana aliyesomea sheria na kupata uzamifu Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza. Alishughulika na masuala ya kisheria ya wakimbizi, na baadaye akaongoza Kituo cha Sheria. Mwaka 2003 alichapisha katika jarida la Refuge la Kanada makala iliyobeba malalamishi yaliyokuwa yakisikika vijijini: kwamba pale Kakuma ni heri kuwa mkimbizi kuliko kuwa Mturkana.

Hoja yake haikuwa chuki dhidi ya wageni. Alionyesha kwamba mkimbizi alikuwa na zahanati, shule, maji na mgao, ilhali mwenyeji aliyekuwa nje ya ua, mwenye njaa iyo hiyo na kiu iyo hiyo, alikuwa hana. Wasichana wa Kiturkana walikwenda kambini kuteka maji na kufua nguo za wakimbizi ili walipwe chakula. Ugomvi juu ya kuni na malisho ulikuwa matokeo ya mpangilio huo. Sheria ya kimataifa ilimtambua mkimbizi lakini haikuwa na neno kwa mwenyeji wake.

Leo kila mradi wa Turkana husema kwamba sehemu ya manufaa itawaendea wenyeji. Mhariri aliyezoea kufuta maneno matupu katika taarifa za wafadhili anaweza kushuhudia kwamba kabla ya miaka ile ya 2000 maneno hayo yalikuwa nadra.

Aukot aligusa Lodwar kwa njia nyingine pia. Alikuwa mkurugenzi wa Kamati ya Wataalamu iliyoandaa katiba iliyopitishwa katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010. Ugatuzi uliotokana na katiba hiyo uliifanya Turkana kuwa kaunti, ukamleta Gavana Josphat Nanok mwaka 2013, kisha Jeremiah Lomorukai mwaka 2022. Kwa mara ya kwanza Lodwar ilikuwa na bajeti ambayo haikupangwa Nairobi au Oslo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 katika kaunti hiyo. Utafiti wa serikali wa 2015/16 ulikuwa umekadiria kwamba karibu watu wanane katika kila kumi ni maskini.

Oxford yarudi na jawabu jingine

Muongo uliopita ulileta kizazi kingine. Bram Jansen wa Wageningen, Uholanzi, aliyefanya utafiti wa miaka miwili kambini, aliandika mwaka 2018 kwamba Kakuma imekuwa mji uliozuka bila kukusudiwa, wenye maduka, hoteli, siasa na mitaa yenye majina. Mwaka huo huo Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilikadiria uchumi wa Kakuma kuwa wa Sh5.8 bilioni kwa mwaka, na biashara zaidi ya 2,000. Benki ya Dunia ilikuwa imetangulia mwaka 2016, katika ripoti iliyoongozwa na Apurva Sanghi, kusema kwamba uwepo wa wakimbizi umeongeza pato la Turkana kwa zaidi ya asilimia 3.

Jina lililosikika zaidi, hata hivyo, ni la Alexander Betts, profesa wa Oxford. Mwaka 2017 yeye na Paul Collier, mwanauchumi wa chuo cha sera za umma cha Blavatnik katika Oxford, walichapisha Refuge. Walidai kwamba kumlisha mkimbizi kambini kwa miaka 20 ni kushindwa, na kwamba anachohitaji ni ruhusa ya kufanya kazi katika nchi iliyo jirani na kwao. Wakosoaji walijibu kwamba hoja hiyo inazifaa mno nchi tajiri zinazotaka wakimbizi wasivuke bahari. Lawama hiyo ina uzito, ingawa haifuti ukweli kwamba mkimbizi wa Kakuma amekuwa akinyimwa kibali cha kazi.

Turkana ilikuwa uwanja wa kuipima hoja hiyo. Kalobeyei, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016 karibu na Kakuma kwenye ardhi ya takriban hekta 1,500, yalikusudiwa kuwachanganya wakimbizi na wenyeji, kutumia masoko na kuwapa watu fedha badala ya magunia. Mkimbizi alipokea mgao kwa simu kupitia mpango uliojulikana kama Bamba Chakula, akanunua kwa wafanyabiashara waliosajiliwa.

Betts na wenzake, wakiwemo Naohiko Omata na mwanauchumi Olivier Sterck, walifuatilia maisha ya watu hao kwa miaka kadhaa. Bahati iliwasaidia. Kuanzia katikati ya Mei 2016 wakimbizi wapya walipelekwa Kalobeyei, na waliotangulia siku chache walikuwa wamepelekwa Kakuma, kwa hivyo makundi mawili yanayofanana yangeweza kulinganishwa. Sterck na Claire MacPherson waliripoti mwaka 2021 kwamba watu wa Kalobeyei walikula vizuri zaidi na walijiona wenye furaha na uhuru zaidi. Lakini katika ajira na mali hawakuwa wamewapita wenzao wa Kakuma. Ripoti nyingine ya kundi hilo, ya mwaka 2020, ilionyesha upande usiotangazwa: kaya nyingi mno zilikuwa na madeni kwa wenye maduka, wengine wakiwaachia wadai kadi zao. Aliye na deni hana soko la kuchagua. Hununua kwa anayemdai, kwa bei yake.

Kundi hilo pia lilikuwa na mkosoaji ndani yake. Cory Rodgers, mwanaanthropolojia aliyeishi na wafugaji wa Turkana, alionya kwamba neno "wenyeji" limekuwa cheo kinachogombaniwa na watu wa mjini Kakuma, huku wafugaji wa mbali wakisahaulika. Waturkana wenyewe huwaita watu hao wa porini raiya. Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno hilo mara moja.

Nani apewe

Kuna swali moja ambalo wasomi wote hawa hulifikia mwishowe, nalo ni la orodha. Mwaka 2009 mpango wa fedha za kukabiliana na njaa, HSNP, ulipoanza Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, kaya iliyochaguliwa ilipewa Sh2,150 kila baada ya miezi miwili. Wataalamu walijaribu njia tatu za kuchagua: jamii iwataje maskini wake, au wazee wote wapewe, au zipewe kaya zenye wategemezi wengi. Kila njia iliwaacha nje baadhi ya wanaostahili. Katika nchi ambayo karibu kila mtu ni maskini, kumtenga maskini zaidi ni kazi inayowashinda hata wenye kompyuta.

Swali hilo lilirudi Kakuma mwaka 2025 kwa ukali zaidi. Marekani na wafadhili wengine walipopunguza michango, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilishusha mgao hadi asilimia 28 ya kiwango kamili mwezi wa Juni. Kisha likatangaza kuwagawa wakimbizi katika makundi manne kulingana na uhitaji, kundi la mwisho likihesabiwa kuwa linajiweza na lisipewe kitu. Mwezi wa Julai watu waliandamana Kakuma. Hayo yalitokea miezi michache tu baada ya serikali, Machi 28, 2025, kuzindua Mpango wa Shirika, unaonuia kugeuza kambi kuwa makazi ya kawaida chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021.

Ni vigumu kutoona kwamba neno "kujitegemea", lililotoka katika semina za Oxford likiwa na maana ya ruhusa ya kufanya kazi, lilifika Kakuma likiwa na maana ya kuondolewa kwenye orodha. Kwa haki yao, watafiti hao hawakusema kwamba watu wa Kalobeyei wanajitegemea. Takwimu zao wenyewe zilisema wengi hawajafika hapo, na kwamba bila ruhusa ya kusafiri, bila ajira na bila mvua hawatafika.

Makala ya Aukot ya 2003 husomwa bila malipo kwenye intaneti, na vivyo hivyo ripoti za Oxford kuhusu Kakuma na Kalobeyei. Vitabu vya McCabe na Jansen ni ghali. Makala ya Ellis na Swift ya 1988 ni fupi, na mwanafunzi wa Lodwar mwenye simu na jioni mbili anaweza kuimaliza.